UZI: Je, upinde wa kitako ni sawa na pinde zingine za kuwindia?

1/ Wadau, kila mjadala wa wanyamapori ukipamba moto, swali hili halikosi. Ule upinde wa dukani wenye kitako kama cha bunduki, ambao unavuta kamba, unaifunga, halafu unabonyeza kifyatulio: uhesabiwe pamoja na pinde zingine ama uwekwe kando? Mimi nakaa Athi River, na historia ya hapa ina la kusema. Sitaji mwanasiasa wala chama. Twende.

2/ Tuanze na kifaa chenyewe. Kinachorusha mshale ni kilekile: mti au chuma kimepindwa, kikiachiliwa kinanyooka na kuvuta kamba. Hapo wanaosema "ni upinde tu" wana haki. Tofauti iko mkononi. Upinde wa kawaida ukishauvuta, nguvu zako ndizo zinaushikilia, na baada ya muda mfupi mkono unatetemeka. Wa kitako unajishikilia wenyewe. Unaweza kulala chini ya mgunga umelenga, ukingoja swara asogee.

3/ Ndiyo sababu Wamarekani wanagombana juu yake. Majimbo mengi huko yana msimu wa pinde, mrefu kuliko wa bunduki, kwa sababu upinde ni mgumu kutumia. Kwa miaka mingi baadhi yao waliruhusu wa kitako msimu huo kwa watu wenye ulemavu peke yao. Wawindaji wa zamani wanauliza: kazi ikirahisishwa, msimu mrefu ni wa nini?

4/ Uingereza waligawanya swali mara mbili. Sheria yao ya wanyamapori ya 1981 ilikataza kuua mnyama wa porini kwa upinde wowote, wa kitako ama wa kawaida. Halafu 1987 wakatunga sheria ya upinde wa kitako pekee, kuzuia watoto kuununua na kuumiliki. Yaani kwenye kuwinda vifaa viko pamoja, kwenye kumiliki vimetenganishwa. Shikilieni hapo, tutarudi.

5/ Sasa nyumbani. Upinde wa Mkamba haukutegemea nguvu ya kamba tu. Ulitegemea sumu ya msunguti, iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi nzito kama lami, ikapakwa kwenye mshale, ikafungwa kwa ngozi isikauke. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, alitenga kiini cha sumu ya aina hiyo, kinachoitwa ouabain. Kikiingia kwenye damu kinaushika moyo. Kwa mishale hiyo tembo walianguka, na karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe zao Pwani.

6/ Kwa hivyo anayesema upinde wa mababu ulikuwa kama mchezo ukilinganishwa na huu wa dukani, hajui historia. Tena Wafang wa Gabon walikuwa na upinde wa kitako wa mbao, wakirushia vishale vidogo vyenye sumu. Huwezi kuchora mstari ukasema kitako ni cha Mzungu na upinde ni wa Mwafrika.

7/ Mkoloni alipokuja alileta leseni, tena kwa ada ambayo mkulima wa Machakos hangeweza. Mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani alishuka kwenye stesheni ya Kapiti, jirani yetu hapa kwenye reli. Katika safari hiyo yeye na mwanawe waliangusha wanyama zaidi ya 500, kwa kibali, mizoga mingi ikaenda makumbusho. Huyo akaitwa mwanaspoti. Mkamba aliyeua kongoni mmoja apate kitoweo akaitwa jangili.

8/ Mkataba wa London wa 1933 ulitaja njia za kuzuiwa: silaha zenye sumu, nyavu, mashimo, mitego. Kuna hoja ya haki ndani yake, maana mnyama mwenye mshale wa sumu anaweza kukimbia akafie mbali bila faida kwa mtu. Lakini hebu someni orodha tena. Karibu zote ni njia za mtu asiye na bunduki. Bunduki ya kawaida yenye leseni ilibaki safi. Kupanga vifaa kukawa kupanga watu.

9/ Hifadhi ya Nairobi ikatangazwa 1946, ya Tsavo 1948. Mwaka 1956 na 1957 operesheni kubwa Tsavo iliwapeleka wawindaji wengi Wawaata na Wakamba jela. Ilikuwa Mei 1977 ndipo serikali ilipopiga marufuku uwindaji, mwenye leseni naye akaguswa. Sheria ya 2013 inakataza kuwinda kwa spoti na hata kwa kitoweo.

10/ Kwa hivyo upande wa kuwinda, Kenya hatuna msimu wa kugombania. Ukiua swara hapa Kapiti kwa upinde wa babu, wa kitako ama bunduki, kosa ni moja. Mtu akitwambia upinde wa kitako uruhusiwe kwa sababu "ni mila yetu", huyo amevaa koti la mzee asiyemjua. Wanyama wanaotoka hifadhini kuja huku tayari wamebanwa na ua na viwanda. Silaha isiyolia, ambayo mtu anaizoea haraka, ni zawadi kwa muuza nyama ya porini.

11/ Upande wa kumiliki, mimi natenganisha. Upinde wa kawaida unadai miaka ya mazoezi, na mzee wa Mwala anaweza kuwa nao ukutani kama urithi. Wa kitako unahitaji pesa tu. Tuweke umri, kibali na rekodi ya muuzaji kwa huu wa dukani. Ninachoogopa ni sheria ya haraka inayosema "pinde zote", halafu anayekamatwa ni mzee na urithi wake, wakati aliyeagiza wa kitako mtandaoni anajua wakili wa kumpigia simu. Tulishaiona hiyo hapa.

12/ Mkisikia mjadala huu tena, ulizeni: tunaongea kuwinda ama kumiliki? Na sheria inayopendekezwa itamkamata nani kwanza? Semeni mnavyoona hapa chini, bila matusi. Wa Kitui na Tana River, nawangoja hasa nyinyi.