Malale katika Ufuo wa Mweru

Kilwa ya Haut-Katanga nchini Kongo (DRC), mji wa wavuvi katika eneo la Pweto, imo katika ukanda wa mto Luapula na ziwa Mweru uliokumbwa na ugonjwa wa malale mwanzoni mwa karne ya 20. Mara baada ya daktari Aldo Castellani kuviona vijidudu vya ugonjwa huo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa Uganda, madaktari wa kikoloni walikuwa na maelezo yao: mbung'o huuma, kijidudu huingia katika damu, kisha hupenya hadi ubongoni, ndiyo maana mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, na mtu mpole hugeuka mkali kwa jamaa zake. Maelezo yalikuwa sahihi. Watu waliyakimbia hata hivyo, na wakoloni wakasema ni ujinga na ushirikina. Nasema waliyakimbia kwa sababu ya mambo yaliyoandamana nayo.

Mpimaji alipapasa shingo akitafuta tezi zilizovimba. Aliyeshukiwa alikunjwa mgongo, akachomwa sindano katikati ya pingili, maji yakatolewa yapimwe. Jibu likiwa baya, alipelekwa lazareti, kambi ya kuwatenga wagonjwa, mbali na watu wake. Dawa yenyewe, atoksili, ilikuwa na aseniki. Iliwapofusha baadhi ya wagonjwa na haikuweza kumwokoa ambaye ubongo wake ulikwisha kuingiliwa. Ng'ambo ya Luapula, Waingereza waliwahamisha watu wa kandokando ya maji, ambao waliacha uvuvi na mashamba yao. Kusikia kwamba ugonjwa umefika kichwani kulikuwa sawa na kuhukumiwa. Aliyemficha ndugu yake alikuwa amepima faida na hasara, na mizani ilimpa haki.

Atakayepinga atataja uchawi. Imani hiyo ilikuwepo, lakini inajibu swali lingine: kwa nini augue huyu, na wenzake waliokuwa naye mtoni wamesalimika? Mtu mmoja aweza kumkubali mbung'o na bado akauliza ni nani aliyemtuma. Utafiti uliofanywa Kongo na kuchapishwa mwaka 2007 uliwakuta wanavijiji wanaoujua ugonjwa huu vizuri. Kilichowazuia kwenda kupimwa kilikuwa gharama, maumivu ya sindano ya mgongoni na hofu ya dawa. Hofu hiyo haikuwa ya bure: melarsoprol, iliyotumika tangu mwaka 1949, iliufikia ubongo, lakini iliua takriban mgonjwa 1 katika kila 20.

  

Mwishoni mwa mwaka 2018 Kongo iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa pamoja na chakula, na wagonjwa wengi hawahitaji tena kuchomwa mgongoni. Wahudumu wanaokwenda vijijini waanze na habari hiyo, kabla ya kusema neno lolote kuhusu ubongo.