Lorenzo Valla, João de Barros na Masimulizi ya Uzaramo

Walimu wa Kibaha na Kisarawe wasomeshapo habari za Ulaya, sura ile ya zama za Renesansi, yaani kuzaliwa upya kwa elimu, mara nyingi huwa orodha ya majina tu: Gutenberg wa Mainz, aliyepiga chapa Biblia yake karibu na mwaka 1455, Leonardo na Michelangelo, Copernicus, aliyetoa kitabu cha mizunguko ya nyota mwaka 1543. Watoto huyakariri, nao huyasahau baada ya mtihani, wala hatuwalaumu. Mtoto wa Maneromango ana nini na picha zilizochorwa katika dari za Roma? Lakini katika zama hizo walikuwako watu wawili wasiotajwa sana shuleni, ambao kazi yao yatuhusu sisi tukaao Uzaramo kuliko ya wachoraji wote.

Wa kwanza ni Lorenzo Valla, mtu wa Roma, fundi wa Kilatini. Siku zake ilikuwako hati iliyodai ya kwamba Kaisari Konstantino, katika karne ya 4, alimpa Papa Silvesta enzi juu ya Roma na nchi za magharibi. Mwaka 1440 Valla aliandika kitabu cha kuonyesha kwamba hati hiyo ni ya uongo, wala hakwenda kutafuta mashahidi mbali, bali aliyahoji maneno yenyewe. Hati yataja masatrapi, cheo cha Waajemi, kana kwamba kilikuwa cheo cha wakuu wa Roma. Kilatini chake nacho si Kilatini cha siku za Konstantino. Basi aliyeiandika aliishi baadaye, akajivika nguo za watu wa kale zisizomwenea. Kweli, Valla alikuwa na haja yake, kwani bwana wake Mfalme Alfonso alikuwa akigombana na Papa. Lakini hoja iliyo sawa haipotoki kwa kuwa msemaji ana faida nayo. Kwa njia iyo hiyo Valla alilipima Agano Jipya la Kilatini kwa Kiyunani chake. Erasmus aliyakuta maandiko hayo, akayapiga chapa Paris mwaka 1505, na mwaka 1516 akatoa mwenyewe Agano Jipya la Kiyunani. Toleo lake la pili ndilo alilotumia Luther katika tafsiri ya Kijerumani ya mwaka 1522.

Mwaka huo huo wa 1505, mwezi wa Julai, merikebu za Francisco de Almeida zilifika Kilwa, mji ukapigwa na kutekwa nyara. Twayaweka mambo haya mawili bega kwa bega kwa makusudi, maana ndivyo zama zile zilivyotufikia: mizinga ilitangulia, vitabu vikachelewa mno. Hata Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati wa Milano, kwa elimu ile ile ya vipimo iliyojenga makanisa ya kwao. Nalo neno la Kireno la kanisa, igreja, limebaki kwetu kuwa gereza. Mwenye kutaka kujua jinsi wageni hao walivyokumbukwa hana haja ya kitabu kingine.

Hapo ndipo aingiapo mtu wetu wa pili, João de Barros. Alikuwa mtumishi wa mfalme katika nyumba ya biashara ya Uhindi mjini Lisbon, Kilwa hakuiona. Mwaka 1540 alitoa sarufi ya Kireno, lugha ya mama yake, wakati ambapo wataalamu wengi waliona kwamba Kilatini tu ndicho chenye kustahili sarufi. Mwaka 1552 alitoa kitabu cha kwanza cha historia yake ya safari za Wareno, na ndani yake akatia habari za wafalme wa Kilwa, zilizotoka katika tarehe ya wenyeji. Baadaye ilionekana pia tarehe ya Kilwa ya Kiarabu, ambayo nakala yake Sultani Barghash alimpa John Kirk mwaka 1877. Mbili hizi hazipatani katika yote. Ya Kiarabu yasema merikebu saba zilitoka Shirazi. Ya de Barros yasema Ali alisafiri kwa merikebu mbili, akiwa amedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Lakini zote zasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo.

Sasa tuje nyumbani. Wazee wa Uzaramo husimulia habari za Pazi, mwindaji wa tembo, jinsi alivyowasaidia Mashomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba. Habari kama hizo twaweza kuzihoji kwa njia ya Valla. Muhogo na mkorosho, vilivyojaa mashamba yetu, asili yake ni Amerika ya Kusini; havikuwako hapa kabla ya Wareno. Mahindi nayo ni ya Amerika, ingawa jina lake lashuhudia Uhindi, na kwa hiyo ni shahidi wa uongo. Basi mtu akisimulia kwamba Washirazi waliwakuta wenyeji wakilima muhogo, twajua kwamba sehemu hiyo si ya kale kama asemavyo.

Lakini hapa yapasa tumwache Valla kidogo. Hati ikiwa na neno la juzi, hati yote yatiliwa shaka, maana iliandikwa mara moja ikakoma. Simulizi si hivyo. Kila msimuliaji hulivika nguo za siku zake, na muhogo waweza kuwa umetiwa na babu ili wajukuu waelewe. Shina laweza kuwa la kale na jani likawa la jana. Kwa hiyo mwalimu anayemwendea mzee wa Kizaramo, au wa Kikwere upande wa Kibaha, na aandike kwa lugha aliyosimuliwa, neno kwa neno. Akiligeuza papo hapo kuwa Kiswahili safi, maneno yaliyo mashahidi huondoka kabla hayajaulizwa.

Kazi hii si mpya. Edward Steere alipiga chapa maneno ya Kizaramo mwaka 1869, pamoja na ya Kingindo na ya Kingazija. Mmisionari Worms akatoa sarufi yake fupi kwa Kijerumani mwaka 1897. Watoto wengi wa Kisarawe siku hizi husema Kiswahili tangu utotoni. Wazee wakali wapo wa kusomewa maneno ya Steere, moja moja, wakaeleza lipi lingali hai, lipi walilisikia kwa bibi zao tu, na lipi hawakulisikia kamwe.