Ni Mwanya wa Valvu, Si Ulegevu

Orodha ya istilahi za ufundi magari niliyoletewa niikague imeiita nafasi iliyopo kati ya roka na shina la valvu, injini ikiwa baridi, "ulegevu wa valvu". Neno hili silikubali, na waliolipitisha wanajua nililikataa tangu mwanzo.

Ulegevu ni kasoro. Nati iliyolegea hukazwa, mkanda uliolegea huvutwa. Mwanafunzi akiambiwa valvu ina ulegevu atashika spana aukaze mpaka uishe. Ukiisha, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake, joto ambalo ingelipitisha kwenye kichwa cha silinda hubaki nayo, na valvu ya ekzosi huungua.

Istilahi ninayoitetea ni mwanya. Kiswahili hakichanganyi ufa, pengo na mwanya. Ufa ni dalili ya kubomoka, na wahenga wametuagiza tuuzibe. Pengo huachwa na jino lililong'oka. Mwanya hukaa kati ya meno mawili mazima, kila moja mahali pake, na mwenye nao husifiwa uzuri. Ndivyo zilivyo roka na valvu: sehemu mbili nzima zilizoachiana nafasi kwa makusudi. Neno lenyewe linakuja na vitenzi vyake: mwanya hupanuka, tapeti zikagonga, mwanya huziba, injini ikatulia huku valvu ikiungua. Ulegevu hauzibi wala haupanuki.

Nilijibiwa kwamba mwanya ni neno la kinywani, halifai injini. Waliojibu hivyo wamepitisha "kichwa" cha silinda katika ukurasa huohuo. Kama kichwa kimefaa, meno yamekosa nini?

Mwingine, anayejiona bingwa wa uundaji wa maneno, ametaka tapeti iitwe "kiinua valvu". Aitazame injini ya Volkswagen Beetle, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1962. Silinda zake nne zimelala, mbili kila ubavu. Kemshafti husukuma tapeti kwenda pembeni, tapeti ikasukuma pushirodi, pushirodi ikabonyeza roka, roka ikafungua valvu. Hapo hakuna kinachoinuliwa. Mafundi wanasema tapeti, na tapeti inatosha.

Kwa matumizi: katika Beetle ya 1600 mwanya ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa. Anza na silinda ya 1 valvu zake zote mbili zikiwa zimefunga, legeza nati ya roka, zungusha skrubu hadi fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kaza nati, upime tena. Kisha rudisha puli nyuma nusu mzunguko kwa kila silinda, ya 2, ya 3, ya 4.

Kitabu cha mafunzo kiandike "kuweka mwanya wa valvu". Anayeng'ang'ania "kuondoa ulegevu" anamfundisha kijana kuunguza injini ya mteja, na hilo halisameheki kwa kuwa limepitishwa na kikao.