Shimo kwenye udongo

Descartes alikuwa mkali wa hesabu, lakini kwa vitu vinavyogongana alichapia. Mwaka 1644 aliandika kwamba jumla ya mwendo duniani haipungui: zidisha ukubwa wa kitu kwa kasi yake, usijali kinaelekea wapi. Ati kitu kidogo hakiwezi kusogeza kikubwa kilichotulia, hata kije mbio vipi! Mtoto anayecheza bano angemcheka.

Huygens, Mholanzi, akarekebisha: mwelekeo lazima uhesabiwe. Sawa. Sasa chukua magari mawili yanayolingana, yanagongana uso kwa uso kwa kasi moja. Momentamu zao zinafutana. Jumla ni sufuri kabla na baada. Lakini bati lile limekunjamana. Hiyo nguvu ya kulikunja imetoka wapi, kwa sufuri?

Leibniz alisema mwaka 1686 kwamba kuna kitu kingine cha kuhesabu, na hicho hufuata kasi mara kasi. Wafuasi wa Newton hawakutaka kusikia. Baadaye wakubwa hao wawili waligombania nani alivumbua kalkulasi, na fizikia ikawa siasa.

Willem 's Gravesande wa Leiden alikuwa mtu wa Newton kabisa. Aliangusha matufe ya shaba kwenye udongo laini, akapima mashimo. Kasi ikiwa maradufu, shimo mara nne. Mwaka 1722 akachapisha matokeo na kuhamia upande wa Leibniz. Namheshimu sana kwa hilo.

Émilie du Châtelet naye aliitetea hesabu hiyo katika kitabu chake cha 1740. Chuo hakusoma, wanawake hawakuruhusiwa. (Mimi niliyeacha chuo njiani namshangilia kivyangu.) Mairan, katibu wa Akademia ya Sayansi ya Paris, akamshambulia kwa maandishi mwaka 1741; akajibiwa mwaka huohuo, hoja kwa hoja. Hata Voltaire, mpenzi wake, alimpinga.

Kumbe vyote viwili hudumu. Momentamu inabaki, na nishati inageuka joto, mlio, bati lililokunjwa. Ndiyo maana matatu ikienda 120 badala ya zile 80 za kidhibiti mwendo, inabeba nishati zaidi ya mara mbili.

Du Châtelet alifariki Septemba 1749, siku chache baada ya kujifungua, akiwa na miaka 42. Alikuwa amemaliza kutafsiri Principia ya Newton kwa Kifaransa. Ilichapishwa kamili mwaka 1759.