Mzee Hupoteza Nini Kwanza?

Wengi hudhani ya kuwa uzee humwangusha mtu ovyo, leo mguu, kesho mkono. Mara nyingi sivyo. Mganga mmoja wa Marekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake wa mji wa Cleveland, waliwatazama wazee wagonjwa, hasa waliovunjika mfupa wa nyonga. Katika mwaka 1963 wakatangaza kipimo chao, nacho chatumika hata leo. Hakiulizi jina la ugonjwa. Chauliza mambo 6 tu: Je, mzee aweza kuoga peke yake? Kuvaa? Kwenda chooni? Kuondoka kitandani na kuketi kitini? Kuzuia haja? Kula? Wakaona kuoga hupotea mbele, na kula mwisho kabisa. Tena mgonjwa akipata nafuu, kula hurudi kwanza, kuoga nyuma. Ndipo wakakumbuka mtoto mdogo, ajuaye kula kabla ya kujua kuvaa.

Lakini mzee si mtoto, nasi twakosa tukimtendea hivyo. Tumeona nyumba ambamo babu alishindwa kuoga tu. Mikono yake ilikuwa mizima, lakini tangu siku ile jamaa zake walimvisha, wakamlisha, wakamnyang'anya hata kijiko.