Dawa, Homoni na Kasoro: Funzo la Koliflawa kwa Mbale na Jinja

Mboga za jamii ya kabichi hustawi katika miteremko ya Mlima Elgon, juu ya mji wa Mbale. Jinja, iliyo kando ya Nile kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, ina joto zaidi. Tofauti hiyo ni nzito kwa koliflawa, kwani aina zake nyingi huhitaji ubaridi ili kuunda kichwa. Hali ya hewa isipoafiki, kichwa huchomoza majani, hutokeza chembechembe mithili ya punje za mchele, au hukomaa kikiwa kidogo mno. Hizi ni kasoro za ukuaji, si magonjwa.

Ujuzi wa kutofautisha mambo hayo ulikuja polepole. Wakulima wa Japani waliita miche ya mpunga iliyorefuka kupita kiasi bakanae, yaani mche mpumbavu. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba urefu huo ulisababishwa na kemikali inayotolewa na kuvu. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta akaiita jiberelini. Mwaka 1957 Anton Lang alithibitisha kuwa jiberelini yaweza kuchukua nafasi ya ubaridi katika kuchanuza baadhi ya mimea. Tangu hapo watafiti walipata chombo: mimea ya aina mbalimbali hunyunyiziwa homoni, mingine huachwa, kisha kasoro hulinganishwa ili kubaini mchango wa mbegu na ule wa hali ya hewa.

Lugha ya shambani, hata hivyo, hukusanya yote katika neno moja: dawa. Kiuawadudu ni dawa, kiuakuvu ni dawa, na hata 2,4-D, iliyobuniwa kwa kuiga homoni ya mmea, huitwa dawa ya magugu. Mkulima anayeambiwa kuwa koliflawa yake inaumwa atanunua sumu isiyoweza kumfaa. Anayeelezwa kuwa ina kasoro ya joto atabadili mbegu au msimu wa kupanda.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake. Utekelezaji huo usiishie darasani. Maofisa ugani wa Mbale na Jinja wanahitaji istilahi zinazotenga kidhibiti ukuaji na kiuatilifu, kasoro na ugonjwa. Mkanganyiko wa maneno hayo humgharimu mkulima fedha, na humwekea mlaji sumu mezani bila sababu.