Tiba ya stadi za hisia (Tarime na Serengeti)

Tiba ya mazungumzo inayofundisha stadi za kuhimili hisia kali ilibuniwa na mwanasaikolojia Mmarekani Marsha Linehan, aliyechapisha mwongozo wake mwaka 1993. Ililenga watu wanaojidhuru au kutaka kujiua, na stadi zake ni za mafungu manne: kutuliza fikra kwenye jambo lililopo, kustahimili dhiki, kuongoza hisia na kuelewana na watu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mahali panapoifaa ni nyumba salama zinazopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, kama kituo cha Masanga na nyumba ya Mugumu iliyofunguliwa mwaka 2014. Ukeketaji miongoni mwa Wakurya wa huko una msimu wake, hasa Novemba na Desemba. Msimu ukipita, wasichana wengi hurudi kwa wazazi walioahidi kwa maandishi kwamba hawatawakeketa. Kinachowasubiri huko ni kejeli za rika na manung'uniko ya ukoo, na mshauri wa kituo hayupo. Ndiyo maana stadi zinafaa kuliko faraja: msichana huondoka nazo.

Pingamizi zito ni kwamba kumfundisha aliyeonewa kutulia ni kumfundisha kunyamaza. Lingekuwa na haki kama mafunzo yangeishia kwenye fungu la pili, ambako hofu ikipanda mtu hutumbukiza uso kwenye beseni la maji baridi, pumzi ameizuia, kwa sekunde kama 30, ili mapigo ya moyo yapungue. Lakini Linehan alishikilia mambo mawili kwa pamoja, kuikubali hali ilivyo na kuibadilisha, na fungu la nne ni la kusema: "Baba, nimesikia mipango ya Desemba. Naogopa. Naomba unisimamie niendelee na shule." Akikataliwa, liko dawati la jinsia la polisi, kwa kuwa kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu mwaka 1998.

Wengine husema wataalamu hawatoshi. Ni kweli, ila jaribio la Dagoretti, Nairobi, lililochapishwa mwaka 2017, lilihusisha wanawake 421 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, bila shahada ya saikolojia, waliwapa vikao 5 vya stadi zinazokaribiana na hizi, na dhiki ilipungua kuliko kwa waliopata ushauri wa kawaida wa wauguzi. Vikao 5 si mwaka mzima wa tiba ya Linehan, wala Dagoretti si Mugumu. Bado vinatosha kuanzia, mradi vifanyike kabla msichana hajarudi nyumbani na mzazi aitwe katika kimojawapo.